Hutauona Moshi Mwisho wa Uwanja

Kibondo, Jumapili alasiri

Filemoni mwanangu,

Umetoka sasa hivi na Shukuru wa shangazi yako kwenda kunyoa, na mlio wa bodaboda yake bado nausikia ukishuka kuelekea sokoni. Mama yako yuko jikoni anakaanga ndizi za safari. Nimeona niandike kukiwa bado na mwanga, maana jioni nyumba itajaa watu wa kukuaga, na mimi mbele ya watu huishia kuzungumzia mvua.

Barua hii atakuwekea mama yako pamoja na chakula, chini kabisa. Nakujua, hutafungua chakula kabla ya Kasulu. Kwa hiyo unaposoma haya basi limesimama stendi ya Kasulu, akina mama wanainua mahindi ya kuchoma hadi dirishani, na tayari umeshapita mwisho wa uwanja wetu wa ndege. Umetazama nje kama ulivyozoea tangu mdogo. Hukuona moshi. Sikulala, wala sikuugua. Nataka ujue sababu, na uijue kutoka kwangu.

Kuhusu chandarua, maji ya kunywa na kutunza pasi ya kusafiria sina la kuongeza. Mama yako ameshayasema, na atayasema tena asubuhi mlangoni. Mimi naandika yale ambayo mdomo wangu umeshindwa tangu jioni ile ulipotuonyesha video.

Unaikumbuka. Ulikuwa na siku chache tu tangu urudi kutoka mkataba wako wa kwanza kule Kongo. Sebule ilijaa, mvua ilikuwa inanguruma kwenye mabati mapya uliyotuletea, na Shukuru alikuwa ameinua simu yako juu ili sote tuone. Ndege yako inashuka kwenye uwanja wa udongo, msitu huku na huku, na watu wadogo kama mchwa wanatawanyika kuingia kwenye majani.

"Oya, cheki wanavyochana mbuga!" Shukuru akasema. "Kaka, hawa wanadhani umewaletea sindano za chanjo!"

Watu wakacheka. Na mimi nilitabasamu.

Mama yako akauliza kutoka mlangoni, sinia likiwa mkononi, "Wanakimbia nini?"

"Kelele tu, mama. Hawajazoea ndege."

"Wewe kelele hiyo ilikuwa inakutoa chooni hujapandisha kaptula, unakimbilia uwanjani."

Wakacheka zaidi, na wewe kuliko wote. Lakini mama yako hakuwa anatania. Aliweka sinia mezani, akarudi jikoni, na tangu siku hiyo hajakuuliza tena habari za kazi yako. Sijui kama umegundua.

Mimi nilimwomba Shukuru airudie video. Mkadhani mzee anapenda ndege. Nilikuwa natazama mwisho wa ule uwanja, pembeni. Palikuwa na rundo la majani, ya kijani juu, limepangwa vizuri kwa mkono wa mtu. Halikuwa limewashwa.

Kazi yangu ya zamani unaijua, lakini wacha niiseme tena, kwa sababu yote niliyo nayo ya kukuambia yamo ndani yake. Miaka ile ya wakimbizi, shirika la misaada lilipokuwa linaleta dawa na maziwa ya watoto kwa ndege ndogo, mimi ndiye niliyekuwa mtunza uwanja hapa Kibondo. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne na mwandiko unaosomeka, wakaniajiri. Kila asubuhi nilitembea uwanja mwanzo hadi mwisho nikikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, ardhi imekataa. Nikishafukuza mbuzi, nilipanga rundo la majani, makavu chini, mabichi juu. Ndege ikisikika, rubani alizunguka juu mara moja akisubiri. Kama uwanja ulikuwa mzuri niliwasha, na moshi mweupe ukamwonyesha upepo unakoelekea. Lakini ulimwambia na jambo jingine, kwamba yuko mtu huku chini, ameikanyaga ardhi hii leo, na anasema karibu. Bila moshi hakuna kutua. Alirudi Kigoma na mzigo wake, hata kama ni dawa.

Wewe ulikuwa unabeba majani mabichi kwa mikono yako miwili, umeyakumbatia, unatembea huoni mbele.

Na bibi yako, mama yangu, ambaye alinivusha mpaka wa Manyovu mgongoni kutoka Burundi nikiwa sijajua kusema, hakuwahi kuizoea ndege. Kila iliposikika alisimama kwenye mlango wa jiko na kuniuliza kwa lugha yetu, "Yikoreye iki?" Imejitwika nini? Kama vile ndege ni mwanamke anayepita njiani na mzigo kichwani. Nilimjibu dawa, mama. Maziwa, mama. Ndipo akarudi kwenye moto wake.

Kwa hiyo nilipoona lile rundo kwenye simu yako nilielewa kwamba pale palikuwa na mtu wa kazi yangu. Alikata majani asubuhi, akayapanga. Kisha akasikia ndege yako, akaitambua kwa mlio, na akaliacha rundo lake vile lilivyo akakimbilia msituni na wenzake. Na wewe ukatua.

Kapteni unamkumbuka. Yule mzungu wa ndevu nyekundu, ambaye hatukuwahi kumwita kwa jina jingine. Ndiye aliyekukalisha kwenye kiti cha rubani ukiwa na miaka saba, akakuvika vile vya masikioni, ukakaa umenyooka kama uko kanisani. Mimi aliniita Bwana Moshi. Akishuka tu alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Bwana Moshi, ardhi inasemaje?" Nami nilimjibu, "Ardhi inasema karibu." Nilimpenda. Nilipenda pia namna ulivyokuwa unanitazama mimi nikisimama naye.

Shirika lilipopunguza safari mkataba wake ukaisha. Mara ya mwisho alipokuja na dawa alinieleza, amekaa chini ya bawa anamenya chungwa, kwamba amepata kazi ya kubeba askari wa kukodiwa, ng'ambo ya ziwa. Alisema bila kuficha. "Kazi ni ileile, Bwana Moshi. Mzigo tu umebadilika."

Kisha ikaja siku ile. Shirika lilikuwa limenipa taarifa kwamba hakuna ndege. Ulikuwa likizo, tuko wote uwanjani, tukasikia mlio, akazunguka. Ukaruka juu, "Washa, baba! Ni Kapteni!" Sikutaji hapa ili nikubebeshe lawama. Ulikuwa mtoto. Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa na kila sababu ya kukirudisha mfukoni. Niliwasha.

Walishuka watu wazima, weupe kwa weusi, hawana sare ila viatu vyote vya aina moja. Walikaa chini ya bawa bila kuzungumza wakati Kapteni anajaza mafuta kutoka kwenye madumu waliyokuja nayo. Mmoja akatapika. Mwingine akakuita, akakupa biskuti. Bibi yako akaja mpaka kwenye ukingo wa uwanja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Yikoreye iki?"

"Watu tu, mama."

"Wanakwenda kufanya nini?"

"Hayo ni yao. Mimi ni mtu wa majani tu."

Alikutazama wewe na ile biskuti. Akaichukua mkononi mwako akawatupia mbuzi. Ulilia sana. Na mimi nilimkaripia mama yangu mzazi, mbele yako na mbele ya watu wale, kwa ajili ya biskuti. Alijifunga khanga yake vizuri akarudi nyumbani, na ndege iliyofuata, iliyokuwa na dawa kweli, hakuuliza imejitwika nini. Hakuuliza tena mpaka tulipomzika.

Baadaye walinihamishia Kasulu kwa muda, kusaidia kupokea Wakongo waliokuwa wanafika. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, mvua imetoka kunyesha, ndege ya shirika ikapita chini ikielekea Kigoma. Mwanamke mmoja mbele yangu alimwangusha mtoto wake kwenye tope akamlalia. Akamlalia hasa, mpaka mtoto akawa anakohoa kwa kukosa pumzi. Nikachuchumaa nikamwambia, "Mama, inuka, hii ni ya dawa."

Alijibu bila kuinua uso, "Ile ingine pia walisema ni ya dawa, papa."

Sikuuliza ile nyingine ilikuwa ipi, wala ilitua kwenye uwanja gani ikiwa njiani. Anga ni kubwa na ndege zilikuwa nyingi, nilijiambia. Unajua kwamba naandika shajara kila siku na sijawahi kuruka tarehe. Siku ile niliandika kwamba mvua imenyesha na kwamba nimekula maharage.

Nilipaswa kukueleza habari ya yule mwanamke. Nilirudi Kibondo nikakukuta umetengeneza ndege kwa mabua, unaizungusha juu ya kichwa na kujiita Kapteni, nikanyamaza. Nikanyamaza ulipokuwa darasa la sita, nikanyamaza ulipofaulu hesabu na fizikia, na nilipouza shamba la Kitanga ili uende chuo cha urubani nilikuwa bado nimenyamaza. Kupenda kwako ndege kulikuwa ndiyo fahari yangu mbele ya watu. Niliogopa kukueleza mapema ukaacha kupenda. Sasa unapenda, na ni mimi ninayetaka uache.

Kapteni mwenyewe alirudi mara moja. Alikuja kwa gari la kukodi, hana ndege. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka mama yako akammiminia maji nusu kikombe ili asiyamwage. Alikaa ameegemeza mgongo ukutani, anatazama mlango. Wewe ukatoka shule, ukamwona, ukamrukia shingoni kutoka ubavuni kama zamani. Alikurusha chini. Ulipasuka mdomo. Mama yako alipokuuliza ukasema umejikwaa, ukiwa na umri ule, ili kumfichia aibu. Mimi niliona. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka garini nikingoja aniulize ardhi inasemaje. Hakuuliza. Hatukupata habari zake tena.

Nakuandikia hili kwa sababu ya Jumatano. Neema, mtoto wa dada yako, alikuja mbio akakurukia mgongoni pale kisimani. Niliona ulivyogeuka, niliona mkono wako ulipofika. Uliuzuia, namshukuru Mungu, ukamnyanyua ukamchekesha. Lakini uso wako kabla ya kucheka niliufahamu. Nilishawahi kuuona umeegemea ukuta wa sebule yangu.

Sisemi kwamba hukutafuta kazi nyingine. Niliona. Kampuni ile ya kubeba watalii ilipofunga ulikaa hapa nyumbani muda mrefu, unaandika barua za maombi, unakwenda kuchaji simu mjini kila siku kama mtu anayekwenda ofisini. Vijana wa stendi walikuita rubani wa baiskeli, na ulicheka nao, na ukirudi hukula. Kisha rafiki yako akakupigia. Kwanza ulituambia unabeba unga na mafundi. Kisha ukasema walinzi. Kisha ukaacha kusema. Nami nikapanda ngazi nikapigilia mabati yako msumari kwa msumari, mdomo umejaa misumari, na ile ikawa sababu nzuri ya kutouliza.

Nilijaribu Alhamisi, tulipokwenda uwanjani wawili. Vijana walikuwa wanajifunza pikipiki pale, tukapita pembeni. Nilikuuliza nani alikuwashia moshi kule.

"Baba, siku hizi kuna GPS. Moshi wa nini?"

"Wa kukukaribisha."

"Kule hakuna mtu wa kukaribisha mtu."

"Yupo. Nimeona rundo lake."

Ulisimama ukapiga jiwe teke. Lilikwenda mbali, ukalitazama mpaka likatulia. "Mimi ni dereva tu, baba. Sijawahi kushika bunduki ya mtu."

"Najua."

"Wanapanda, nawapeleka, basi. Wanachokwenda kufanya ni chao."

"Na mnaporudi, ndege inakuwa imejitwika nini?"

"Baba."

"Nauliza alivyokuwa anauliza bibi yako."

"Baba, tuache."

Nikaacha. Tulirudi nyumbani tukizungumzia bei ya maharage. Lakini mwanangu, maneno yale uliyatoa wapi? Mimi ni dereva tu. Mimi ni mtu wa majani tu. Ulikuwa umesimama kando yangu nilipoyasema mara ya kwanza, una ile biskuti mkononi. Shamba nimeliuza, nyumba ni hii ya udongo yenye mabati yako, urithi niliokuachia ndio huo, sentensi moja. Usiku nikilala naisikia kwa sauti yako.

Tangu uanze shule ya bweni, hujawahi kuondoka Kibondo bila mimi kukuwashia. Shirika lilishaondoka, ndege hazitui tena, lakini basi hupita mwisho wa uwanja, na mimi husimama pale na rundo langu. Niliwasha ulipokwenda kidato cha tano. Niliwasha ulipokwenda chuo, na konda akadhani nyasi zinaungua. Niliwasha hata ulipokwenda mkataba ule wa kwanza, nikiwa najua nusu na sitaki kujua nusu iliyobaki.

Kesho nitakuwepo. Majani nimeshayakata, makavu chini, mabichi juu, na kiberiti kitakuwa mfukoni. Basi litapita na nitaona dirisha lako, maana wewe hukaa kushoto siku zote. Sitawasha.

Sikukatazi. Umeshakuwa mtu mzima, na mimi sikuwakataza wengine nilipokuwa na uwezo wa kuwakataza. Wala sikulaani, usije ukafikiri hivyo hata ukiwa mbali na umechoka. Mzazi anayelaani ana maneno. Mimi nimekuwa mtunza uwanja, sijui namna nyingine ya kusema. Nimeutembea mwanzo hadi mwisho, nimekanyaga kwa kisigino, na kinazama. Safari hii siwezi kukuambia ardhi inasema karibu. Kapteni nilimwambia, na angalia.

Hapo ulipo, Kasulu, mabasi yanayokwenda Kigoma na yale yanayorudi huku yanasimama stendi moja. Ukiendelea na la Kigoma, kula chakula chako, usikitupe kwa hasira ya barua. Mama yako amesimama kwenye moto tangu saa sita, na moshi wa jikoni umempa sababu ya kufuta macho kila mtu anapoingia. Simu yangu itakuwa wazi. Ukipiga nitapokea, na nikianza kuzungumzia mvua, nivumilie, ujue nimefurahi mno kukusikia.

Ukipanda linalorudi, utafika kabla jua halijazama. Majani mabichi hukauka haraka jua likiwa kali, kwa hiyo mchana nitaondoa ya juu niweke mengine. Keshokutwa nitayabadilisha tena, na siku itakayofuata. Shukuru atasema mjomba kachanganyikiwa, anakata majani ya uwanja usio na ndege, na vijana wa pikipiki watacheka. Wacha wacheke. Siku yoyote utakayorudi umeiacha ile kazi, ukiwa na kitu au mikono mitupu, ukiwa na jina la rubani au la baiskeli, kaa kulia, maana ukirudi uwanja uko upande huo. Tazama dirishani.

Bodaboda imerudi. Nakusikia hapo nje. Shukuru anasema kinyozi amekuacha na kichwa kama yai la bata, na wewe unacheka, ule mcheko wako wa kuinama mbele na kushika magoti. Neema naye anacheka bila kujua kinachochekesha. Mama yako ameacha kugeuza ndizi.

Wacha nikae kidogo nisikilize, kabla sijaikunja karatasi hii nikatoka kuja kukuambia umenyolewa vizuri.

Baba yako